Visima vimechimbwa, maji yamepimwa?

Habari za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hutaja sana visima vilivyochimbwa, na mara chache maji yaliyopimwa. Hapo ndipo penye hatari.

Wilaya za huko za Arua na Koboko zimekaa juu ya miamba ya kale, na maji hupita katika nyufa zake. Choo kilicho jirani na kisima chaweza kupeleka uchafu humo humo, hasa mvua zikishika.

Kupima si kuchota tu. Mpimaji husukuma pampu kwanza ili maji yaliyolala mabombani yatoke, kisha hupima uchachu na joto papo hapo, maana hubadilika njiani. Mdomo wa pampu huunguzwa kwa moto, chupa iliyotakaswa hujazwa bila kuguswa ndani, ikawekwa kwenye barafu. Sampuli ya bakteria yafaa ifike maabara ndani ya saa 6, isizidi 24. Koboko hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 500! Kwa hiyo maabara ya karibu na vifaa vya kubebeka si anasa. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa E. koli wasionekane kabisa katika mililita 100.

Kuna na kutu. Maji yenye uchachu hula mabomba ya chuma, hutoka mekundu, na akina mama hurudi kijitoni. Nani atawalaumu? Wilaya zibandike majibu pale pale kisimani, kwa Kilugbara na Kikakwa, lugha za huko, mchotaji ajue anachompa mwanawe.