Ramani Isiandikwe Bila Wenyewe



Twakutana Chumbageni, katika Tanga ambayo mashamba yake ya mkonge yalipimwa tangu zama za Wajerumani. Mashamba ya baba zetu mipaka yake ilikuwa mnazi, mwembe na kumbukumbu za wazee. Mzee akifariki, ugomvi huzaliwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila. Mwaka 2014, kijijini Ilalasimba, mkoani Iringa, vijana walianza kupima mashamba kwa simu ipokeayo ishara za setilaiti, majirani wakisimama mpakani.

Chombo hiki twakisifu, lakini tusikisujudie. Simu huandika iambiwalo. Haimjui mjane aliyeachwa nyumbani, wala mfugaji aliye malishoni siku ya kupima.

Basi twawasihi: siku hiyo mume na mke wafike pamoja, na majina yote mawili yaandikwe. Mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, si na mashine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila wenyewe huwapoteza wenyewe.