Kutoka Kanzu hadi Blauzi: Vazi la Juu la Mwanamke katika Msamiati wa Kiswahili



Ni desturi ya wanaleksikografia kulieleza neno la mkopo kwa kutaja lugha lilikotoka. Kwa maneno ya mavazi, maelezo hayo hayatoshi. Historia ya vazi la juu la mwanamke inadai swali jingine: je, ni nani aliyekuwa na haki ya kulivaa?

Unguja ya karne ya 19 inatoa mfano ulio wazi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aliyaeleza mavazi ya wanawake wa jumba la kifalme: kanzu ndefu, suruali na kitambaa cha kichwa. Mjakazi, kwa upande wake, alijifunga kipande cha kaniki au cha merikani, yaani kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani. Alikifunga chini ya makwapa, mabega na mikono ikabaki wazi. Kwa hiyo daraja ya mtu ilisomeka begani kabla hajatamka neno.

Amri ya kukomesha utumwa ilitolewa Unguja mwaka 1897, lakini masuria hawakuhesabiwa ndani yake hadi mwaka 1909. Hata hivyo, wanawake wengi waliotoka utumwani hawakusubiri karatasi za serikali ili watangaze uungwana wao. Waliziacha kaniki na merikani, wakavaa kanga kwa doti: moja kiunoni au kifuani, ya pili mabegani na kichwani. Bega lililokuwa wazi likasitiriwa. Jina la pili la kanga, leso, lilitokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Lakini maana ya heshima iliyobebwa na leso haikutoka Ureno. Iliundwa na wavaaji wenyewe.

Kanga, hata hivyo, hufungwa, haishonwi. Vazi la kushonwa lenye mikono lilipoenea miongoni mwa wanawake wa kawaida, Kiingereza kilichangia majina ya gauni na blauzi. Neno sidiria nalo lina safari yake. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kifua, na katika Kiarabu hutaja kizibao kinachovaliwa juu ya nguo nyingine. Katika Kiswahili cha leo limeingia ndani kabisa, likataja vazi lisiloonekana, na kulisukuma kando neno la zamani kanchiri.

Inafaa pia kuyatazama maneno shati na sketi. Maneno ya Kiingereza yaliyozaa mikopo hii miwili yana shina moja la kale la lugha za Kijerumaniki. Moja lilipitia Kiingereza cha kale na jingine lililetwa na Waskandinavia. La kwanza likabaki kutaja vazi la juu, la pili likashuka kiunoni. Kiswahili kiliwapokea ndugu hawa kama wageni wasiojuana, kisha sare ya shule ikawakutanisha tena katika mwili wa msichana mmoja. Na vazi lake la juu mara nyingi huitwa shati, sawasawa na la mvulana anayeketi naye darasani. Lakini akiingia ofisini baadaye, huenda likaitwa blauzi.

Ni dhahiri, basi, kwamba kamusi inayotaja asili ya neno na kunyamaza juu ya mvaaji inaacha nusu ya maana. Wanafunzi wanaokusanya msamiati wa mavazi hawana budi kuwauliza mabibi zao swali la ziada: si jina la nguo tu, bali pia ni nani aliyekatazwa kuivaa, na ni siku gani alipoivaa kwa mara ya kwanza.