Bustani Inayomlipa Mkulima Wake

Msikilizaji, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili anaweza kujifunza kilimo cha mboga na kikamlipa. Kinachobadilika ni namna ya kumfundisha.

Ukimwambia "panda nyanya", umempa kazi tano kwa mpigo. Zitenganishe. Leo achimbe mashimo tu, wewe ukiwa kando. Akizoea, ndipo aongeze samadi. Nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche haihitaji futi kamba: kata fimbo ya urefu huo, aipimie ardhini. Anayesahau zamu za kumwagilia mchoree picha za asubuhi na jioni, uzibandike kwenye banda la vifaa. Na anzeni na mchicha. Huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na fungu la kwanza sokoni humtia mtu moyo kuliko sifa zote za mwalimu.

Liko jambo linaloudhi: familia kumgeuza mwanafunzi huyu kibarua wa bure. Akiuza, fedha ni zake, hata kama atahitaji msaada wa kuzihesabu.

Tanzania Bara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba; kati ya hizo 10, mbili ni za watu wenye ulemavu. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu, hoteli zenye bustani zikiwemo. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, na mwende na mhusika mwenyewe.