Mwulize Daktari Kabla ya Kuanza Dawa ya Saratani
Ng'ambo ya mpaka, Mulago, Kampala, mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kutibu watoto wenye saratani ya taya, na dawa moja iliyotumika ni saiklofosfamaidi. Ingali inatumika.

Basi kabla ya kuianza, mwambie daktari dawa zote unazomeza, hata za ukimwi na za miti shamba, usione haya. Uliza: Ninywe maji kiasi gani? (Huweza kuumiza kibofu.) Je, nitazaa baadaye? Nikipata homa usiku, niende wapi? Homa hiyo haingoji asubuhi, maana dawa hupunguza chembe nyeupe za damu. Dereva wa Malaba aulize siku za matibabu, aombe ruhusa mapema. Akinyimwa, amwone katibu wa tawi.