Narinji: tunda lililozaa rangi

Hapa Durban, walikotua vibarua wa Kihindi mwaka 1860, chenza huitwa naartjie, neno la Kiafrikana lenye asili ya Kitamil. Nduguye ni orange ya Kiingereza. Lilianza Bara Hindi, likawa narang kwa Waajemi, naranj kwa Waarabu na naranja kwa Wahispania. Wafaransa wakaidondosha n ya mwanzo. Waingereza walilipokea kuwa jina la tunda. Likawa sifa ya rangi katika karne ya 16. Kabla ya hapo walisema njano-nyekundu.

Leo watoto wetu husema “orenji” wakidhani ni Kiingereza kitupu, hali narinji limo katika kamusi zetu. Tumeazima ugenini kilichokuwa kimehifadhiwa nyumbani.