Mzio Mkali na Dawa za Kupunguza Uvimbe: Maelezo ya Mganga Mfawidhi kwa Wakazi wa Kata



Mtu aliyeumwa na nyuki, au aliyechomwa sindano ya penisilini, aweza kushikwa na mzio mkali katika dakika chache. Mishipa ya damu hulegea na kuvujisha maji, shinikizo hushuka, moyo huenda mbio ilhali damu ya kusukuma haitoshi. Mapafuni njia za hewa hubana.

Wengi, waonapo uso umevimba, hwenda duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Uvimbe huu si wa jino! Dawa hizo, pamoja na aspirini, huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Malighafi yake hugeuzwa kuwa lukotrieni, kemikali zinazozidi kubana njia za hewa. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye pumu, dawa hizo zenyewe huanzisha shambulio.

Haidrokotisoni nayo hutuliza uvimbe, lakini huchukua saa kadhaa, na mgonjwa hana saa hizo. Dawa ya kwanza ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, katika msuli wa paja upande wa nje. Hukaza mishipa, huupa moyo nguvu, hufungua njia za hewa. Hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hali haijabadilika.

Mlazeni mgonjwa, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aketi. Msimtembeze hata akisema amepata nafuu, kwani damu huteremkia miguuni na moyo waweza kusimama. Mleteni zahanati akiwa amebebwa, na mhudumu aambiwe dawa alizokwisha kumeza.