Mguu Ukiuma Kabla ya Siku ya Mbio

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka polepole)

 

Leo nazungumza nawe unayeamka alfajiri kukimbia kabla jua halijawa kali. Unajiandaa kwa mbio ndefu, labda nusu marathoni, labda marathoni kamili ya kilomita 42 na mita 195. Sasa mguu umeanza kuuma. Si sana. Maumivu yako mbele, kwenye muundi, ule mfupa ulio kati ya goti na kifundo. Kocha hujamwambia, kwa kuwa unaogopa jina lako litatolewa kwenye orodha. Nyumbani nako hujasema, maana watakuambia uache kabisa. Basi unafunga kitambaa, unakimbia.

Siri hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Kwanza nakuambia kwamba shabaha yako si ya kuchekwa. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopitia kambi ya Kakuma. Mwingine, Yonas Kinde, mkimbizi kutoka Ethiopia, alikimbia marathoni akamaliza kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 8. Kwa hiyo mguu huo una thamani. Na kitu chenye thamani hutunzwa.

Labda pia umesikia habari za John Stephen Akhwari wa Tanzania. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka njiani akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Makocha hupenda kuisimulia habari hiyo, na inastahili kusimuliwa. Lakini tuielewe vizuri. Akhwari aliumia siku yenyewe ya mashindano. Hapakuwa na kesho ya kungojea. Wewe bado una wiki kadhaa mbele yako. Ushujaa wa siku ya mbio ukiufanya kila siku ya mazoezi, hutafika siku ya mbio. Na Akhwari huyo huyo, mwaka 1970, alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Mguu ulipona, akarudi.

Sasa tuupime mguu wako. Kaa chini, pitisha kidole polepole juu ya muundi, ukibonyeza. Kama maumivu yametawanyika, marefu kama kiganja au zaidi, na yanapungua mwili ukishapata joto, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa vilivyochoshwa. Hayo yanaweza kutunzwa huku ukiendelea kidogo kidogo. Lakini kama maumivu yako mahali pamoja, padogo kama ncha ya kidole, yanazidi kadiri unavyokimbia, au yanakuamsha usiku, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Hapo acha kukimbia, nenda kituo cha afya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfupa ni hivyo hivyo. Ufa mdogo ukiupumzisha hupona kwa wiki kadhaa. Ukiukimbilia, mfupa unaweza kuvunjika.

Nenda kituoni pia kama mguu umevimba sana, kama huwezi kukanyaga hatua nne, kama vidole vimekufa ganzi, au kama mguu una joto na wewe una homa.

Tuseme yako ni yale maumivu madogo yaliyotawanyika. Punguza umbali uwe nusu. Acha vilima na acha kukimbia kwa kasi. Tafuta njia ya udongo laini au majani badala ya mawe. Baada ya siku ya kukimbia, weka siku ya kupumzika. Ukirudi, lowesha kitambaa kwa maji baridi, uweke kwenye muundi kwa dakika 10 hadi 15. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufanya lolote, jiulize: mguu uko kama jana, au umezidi? Ukiwa umezidi, pumzika siku mbili tatu. Ukichechemea wakati wa kukimbia, simama, rudi kwa miguu. Mwenye kuchechemea huuponza na mguu wa pili.

Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kukimbia. Dawa haitibu mfupa, inanyamazisha tu sauti inayokuonya. Na baadhi ya dawa hizo, kama diklofenaki, ukizimeza na njaa au ukiwa umepungukiwa maji, zinaweza kudhuru tumbo na figo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mazoezi vya ughaibuni havilisemi. Wewe hukimbii tu. Unabeba dumu la lita 20 kutoka bombani. Unakwenda kutafuta kuni. Siku ya mgao unasimama kwenye foleni saa nyingi. Mguu hautofautishi kati ya mazoezi na kazi, vyote unavihesabu. Siku uliyobeba maji mara tatu si siku ya kupumzika, hata kama hukukimbia. Kwa hiyo waambie wa nyumbani ukweli. Mwombe kaka au dada akushikie zamu ya maji kwa wiki moja, nawe umsaidie kazi ya kukaa, kama kuchambua maharage au kuosha vyombo. Huo si uvivu.

Na chakula. Mgao ukipungua, na kilomita zipungue. Mwili usiopata chakula cha kutosha hauna cha kujengea mfupa, na hapo ufa huja upesi. Wewe dada unayekimbia, kama hedhi imekatika miezi kadhaa nawe huna mimba, mwone muuguzi. Hiyo ni dalili kwamba mwili unatumia kuliko unavyopata, na mifupa iko hatarini.

Tazama viatu pia. Viatu vya mtumba huwa vimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Viweke mezani, uvitazame kwa nyuma. Vikiwa vimelala upande mmoja, usivitumie kwa mbio ndefu.

Unaogopa kwamba ukipumzika utapoteza yote. Hapana. Pumzi uliyoijenga kwa miezi haiishi kwa wiki moja. Wakati huo imarisha mguu: shika ukuta, panda kwa ncha za vidole, shuka polepole, mara 15, kwa mizunguko mitatu. Kisha simama kwa mguu mmoja nusu dakika, ubadilishe. Vikiuma, viache kwanza.

Kurudi nako kuna utaratibu. Kwanza tembea kwa haraka dakika 30 bila maumivu. Ukiweza, siku nyingine kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, urudie mara kadhaa. Wiki hadi wiki ongeza kidogo. Ulikimbia kilomita 20 kwa wiki, wiki ijayo zisizidi 22 hivi.

Kisha mwambie kocha, leo. Usimwambie, "Naumwa." Mwambie, "Muundi unauma hapa, tangu siku fulani, nimepunguza hivi na hivi." Kocha anayesikia hivyo anajua ana mkimbiaji anayeujua mwili wake. Nawe kocha unayenisikiliza, usimtoe kwenye orodha kijana aliyekuambia ukweli. Ukimtoa, wenzake wote watajifunza kuficha, na utakuja kujua siku watakapoanguka.

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tulifika hapa kwa miguu hii hii. Ilitubeba mbali kuliko marathoni. Ukiipumzisha wiki moja, hujaishindwa.

 

(Muziki wa kufunga kipindi)